Mwanangu, kabla hujasaini hiyo nyumba ya zamani

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na ile video ya ngazi za mbao nimemuonyesha mpaka shangazi yako. Umeniuliza, mama, nyumba ina zaidi ya miaka mia, iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, muuzaji kaipaka rangi yote anasema ni kuhamia tu, tuchukue au tuache? Mimi sikwambii chukua wala acha, ila hapo kwenye "kaipaka rangi yote" ndo nimekosa usingizi.

We ulikuwa mdogo labda hukumbuki. Nyumba ya kwanza tuliyonunua mimi na baba yako ilikuwa ya kuta za mawe, tukaona plasta ya chokaa inamong'onyoka tukasema hii imechoka, tukaleta fundi akapiga saruji ukuta mzima nje na ndani, ukanyooka tukajiona wajanja. Mwaka wa pili ukigonga unasikia ngo ngo, kuna uwazi ndani. Siku moja kipande kikubwa kama mlango kikadondoka sebuleni, nyuma yake mawe yamelowa chapachapa, na ule mchanganyiko wa katikati ya mawe ukichomeka kidole kinazama. Tukamwita mzee mmoja fundi wa chokaa, akakwangua na msumari, akatuangalia, akasema nyumba mmeiziba pua.

Ndo nikajua hapo. Saruji tunayoijua leo, ya Portland, ilipewa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Uingereza mwaka 1824 na ikachukua muda mrefu kuenea, kwa hiyo nyumba nyingi za kale zimejengwa kwa chokaa au udongo. Chokaa ni laini na inapitisha unyevu, ukuta ukinywa maji ya mvua au ya ardhini unayatoa taratibu kupitia humo. Ukija ukaifunika na saruji au rangi ya plastiki, maji hayana pa kutokea, yanabaki ndani yanakula mawe, yanaozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, na chumvi inatoka kama unga mweupe. Yaani nyumba imesimama miaka mia haina shida, halafu inaharibiwa na matengenezo ya mwaka juzi. Ndo maana uzee wa nyumba haunitishi, ninachoogopa ni alichokifanya huyo muuzaji na waliomtangulia. Muulize plasta ni ya nini na rangi ni ya aina gani, na ukuta ukiwa umepakwa upya chini tu, kama mita moja kutoka sakafuni, jua kuna kitu kinafichwa.

Nenda mvua ikinyesha, sio Jumapili ya jua na maua mezani. Simama nje uangalie maji ya paa yanaelekea wapi, mifereji inavuja wapi, ardhi inainamia nyumba au inatoka nyumbani. Panda darini na tochi na bisibisi. Ichomeke kwenye mbao hasa pale zinapokutana na ukuta, ikiingia kama kwenye andazi basi hiyo imekwisha, iwe ni mchwa au kuoza. Nyufa utaziona tu, nyumba ya zamani isiyo na ufa sijaiona, cha kujua ni kama ufa bado unatembea. Ufa mpya kingo zake ni kali na safi, wa zamani umejaa vumbi na rangi. Ukiruhusiwa weka alama ya penseli kwenye ncha zake na tarehe, urudi baada ya miezi, na kama muuzaji hana subira ya miezi basi mlipe injinia anayejua majengo ya zamani, narudia, ya zamani, maana mkaguzi wa maghorofa mapya atakwambia piga saruji.

Umeme usiuonee aibu kuufungua. Waya za zamani zimevikwa mpira na kitambaa, mpira ukizeeka unakauka unapukutika ukiugusa, na sehemu nyingi hamna hata waya wa ethi. Swichi mpya ukutani haimaanishi waya mpya ndani. Mabomba nayo, ukikuta la rangi ya kijivu likwangue na sarafu, likiwa laini na linang'aa kama fedha ndani hilo ni la risasi, ile metali yenye sumu, sitaki wajukuu wangu wanywe humo. Rangi za zamani pia zilitiwa risasi, Marekani walizipiga marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, kwa hiyo msianze kupiga msasa milango ikiwa mikavu huku watoto wapo. Asbesto, yale madini ya nyuzi yaliyotiwa kwenye paa na mabomba ya zamani na vumbi lake ni baya kwa mapafu, ukiishuku usikate wala kuvunja, ipimwe kwanza.

Sasa hiyo orodha ya kihistoria mnayoiona sifa. Nenda ofisi ya uhifadhi mwenyewe, uulize kwa maandishi: kinacholindwa ni uso wa nyumba tu au na ndani, madirisha, ngazi, mpaka ua? Ukitaka kutoa ukuta wa jikoni kibali kinachukua muda gani? Na muulizie muuzaji vibali vya kila alichobadilisha. Uingereza kwa mfano, kubadilisha jengo la namna hiyo bila kibali ni kosa la jinai, na hata kama aliyefanya ni mwenye nyumba aliyekutangulia, wewe uliyenunua unaweza kuamriwa urudishe kama ilivyokuwa. Kwenu sheria ni zenu, lakini uliza kabla, sio baada. Hati ipitiwe na mwanasheria, nyumba ya urithi inaweza kuwa na wenyewe kumi na aliyesaini ni mmoja.

Bima upate bei yake kabla ya kusaini, maana kuijenga upya kwa mbao na chokaa ile ile kunaweza kuzidi bei uliyonunulia. Makadirio ya fundi, mimi ningeongeza nusu yake juu, baba yako anasema nazidisha, lakini yeye ndo aliyeleta fundi wa saruji. Na hiyo hadithi kwamba aliwahi kulala humo mtu maarufu, bila karatasi usiilipie hata senti.

Ngazi ni nzuri kweli, shangazi yako kazipenda. Tochi kubwa ipo kwenye droo ya chini, pita uichukue, na mvua ikianza nipigie hata kama ni usiku twende wote, mi ntavaa mabuti.