Maswali yenu: elementi kabla ya jedwali la Mendeleev

Eti Lavoisier aliuweka mwanga kwenye orodha ya elementi? (Mwanafunzi, kidato cha tatu)

Ndiyo, mwanakemia huyu Mfaransa aliuweka, tena na joto, na hata chokaa. Orodha yake ya mwaka 1789 ilikuwa na vitu 33. Usimcheke. Kipimo chake kilikuwa hiki: kitu kikishindikana kutenganishwa maabara, kihesabiwe elementi. Chokaa haikutenganishika wakati ule. Mwingereza Davy alikuja kutoa kalsiamu kutoka kwenye chokaa kwa umeme mwaka 1808, na Lavoisier alikuwa ameshakatwa kichwa Paris miaka 14 nyuma.

Nifafanulie utatu wa Döbereiner.

Ni elementi tatu zinazofanana tabia, ambapo uzito wa ya kati ni wastani wa zile mbili. Chukua kalamu. Lithiamu ina uzito wa atomi 7, potasiamu 39. Jumlisha, gawa kwa mbili: 23, ambao ndio uzito wa sodiamu, na metali hizi tatu zina tabia za ndugu. Klorini na iodini hukupa 81 na kidogo. Bromini ni 80. Mjerumani huyu alichapisha hayo mwaka 1829. Elementi nyingi zilikataa kukaa tatu tatu, lakini yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba uzito na tabia vina uhusiano.

Mbona baada ya hapo kimya, kisha miaka ya 1860 kila mtu ana mpangilio wake?

Tatizo lilikuwa uzito wa atomi: hawakukubaliana. Huyu aliandika oksijeni 8, yule 16. Mwaka 1860 wanakemia walikutana Karlsruhe, na kijitabu cha Mwitaliano Cannizzaro kikagawiwa pale, kikieleza jinsi ya kupata uzito sahihi. Bila namba hizo hakuna mpangilio ungesimama.

Je, Mendeleev alimwibia Newlands?

Hapana, Mrusi Mendeleev hakuiba mpangilio wa elementi wa Mwingereza Newlands, ila Newlands alionewa, na hilo huniuma kila ninapolisoma. Aliyeimba kwaya atamwelewa upesi: do, re, mi, fa, so, la, ti, halafu do inarudi. Newlands alipanga elementi kwa uzito, akaona ya nane inarudia tabia za ya kwanza: anza na lithiamu, hesabu, ya nane ni sodiamu. Alipolieleza hilo mbele ya Chama cha Kemia, London, Machi 1866, mjumbe mmoja akamuuliza kama amejaribu kuzipanga kwa herufi za mwanzo za majina! Chama hakikuichapisha kazi yake. Mwaka 1887 ndipo Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, ilipompa nishani ya Davy.

Kasoro alikuwa nazo. Baada ya kalsiamu wimbo unavurugika: chuma kilijikuta safu moja na oksijeni, kobalti na nikeli zikabanwa chumba kimoja. Alijaza kila nafasi. Mendeleev, mwaka 1869, aliacha nafasi wazi kwa elementi ambazo hazijagunduliwa, kisha akatabiri zitakuwaje. Ya chini ya silikoni aliipa uzito 72. Mwaka 1886 mwanakemia Mjerumani Winkler akaipata, ndiyo germaniamu, akaipima: 72 na nukta.