Dikoda ya pointi haiitiki? Anza na hesabu ya anwani

Ndugu wa Buruburu, kwa jinsi ulivyoeleza tatizo la reli yako ya treni ndogo za mfano, naamini dikoda yako, yaani kifaa kinachopokea amri na kugeuza pointi (mahali reli inapogawanyika), ni nzima. Umesema ni ya milango minne, kila mmoja wa mota moja ya pointi, umeiandikia anwani 10 kwenye CV1 (CV ni nafasi ya mpangilio ndani ya dikoda), ukaifunga chini ya ubao, kisha ukaita pointi namba 10 na mota zote zikanyamaza. Ita namba 37. Mlango wa kwanza unapaswa kuitika hapo, na mingine mitatu ifuate kwa 38, 39 na 40.

Sababu yake ni hii. Katika DCC, mfumo wa kuongoza treni za mfano kwa amri za kidijitali ambao NMRA, chama cha wapenzi wa treni hizo Marekani, iliuwekea viwango ikianzia kwenye kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani, dikoda ya pointi haihesabiwi kama dikoda ya injini. Injini ukiipa 10, ni 10 basi. Dikoda ya pointi hubeba pointi nne kwa anwani moja: anwani 1 inashika pointi 1 hadi 4, anwani 2 inashika 5 hadi 8, na kuendelea. Chukua anwani, toa 1, zidisha kwa 4, ongeza namba ya mlango. Kwako 10 kutoa 1 ni 9, mara 4 ni 36, na mlango wa kwanza unakuwa 37. Ukitaka zile nne ziwe 9 hadi 12, andika 3.

Ugumu unaanza namba zikipanda, na hapa watu wengi hutupa dikoda nzima. Anwani inagawanywa sehemu mbili: CV1 inabeba hadi 63, na CV9 inahesabu kila 64 iliyojaa. Pointi 300, kwa mfano, iko kwenye anwani 75, mlango wa nne. Kwa hiyo CV9 ni 1 na CV1 ni 11. Lakini kuna dikoda zinazohesabu kwa pointi moja moja, na hilo huamuliwa na biti ya 6 (tarakimu moja ya 0 au 1) ndani ya CV29. Hizo zinagawanya kwa 256, kwa hiyo pointi ileile ya 300 inaandikwa CV9 ni 1 na CV1 ni 44. Soma CV29 kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Dikoda za zamani nazo huita CV1 kuwa 513 na CV9 kuwa 521, ila kazi ni ileile.

Hukutaja unatumia kifaa gani cha kuongozea. Kama ni multiMAUS ya Roco, jua kwamba hesabu yake imesogea kwa nne, kwa hiyo kitakachoitika 37 kwenye kifaa cha Lenz utakipata kwa 41.

Mimi binafsi napenda njia ya kitufe. Dikoda za Lenz LS150, ESU SwitchPilot na Digitrax DS64 zote zinacho: unakibonyeza mpaka taa ionyeshe kuwa dikoda inasubiri, unatuma amri ya pointi unayoitaka, nayo inajifunza anwani kutokana na amri hiyo. Hata hivyo usiache kujua hesabu, kwa maana siku utakapounganisha JMRI, programu ya kuongozea treni za mfano, kwenye kompyuta utaona thamani za CV mbele yako na lazima uzielewe.

Kuhusu kule kuambiwa “hakuna dikoda” na kifaa cha kuongozea ukiwa kwenye reli ya kuprogramia, yaani kipande cha reli cha kuandikia CV: dikoda huitika kwa kuvuta mkondo zaidi, angalau miliampea 60, kwa muda wa takriban milisekunde 6. Injini ina mota ya kuvutia huo mkondo. Dikoda ya pointi iliyolala mezani bila chochote kwenye milango yake mara nyingi haina cha kuvuta, basi inaonekana kama maiti. Funga mota ya pointi kwenye mlango wa kwanza ujaribu tena. Na zile zenye kapasita (kihifadhi umeme) kubwa ya kufyatulia mota za koili huvuta sana zinapowashwa, mpaka kifaa cha kuongozea kidhani kuna shoti. Zipe umeme wake wa pembeni kama zina nafasi ya kuunganisha, au ziprogramu zikiwa kwenye reli kuu. Vyovyote vile, fanya kazi hii mezani. Kulala chali chini ya ubao huku ukisoma kitabu cha maelezo kwa tochi ya simu ni mateso yasiyo na sababu.

Umeuliza kama unaweza kuchanganya aina za mota. Unaweza, ila kila aina ina chakula chake. Mota ya koili kama Peco PL-10 inataka pigo moja fupi lenye nguvu. Ukiiachia mkondo uendelee, itaungua. Mota ya Tortoise inataka umeme muda wote, lakini kidogo sana, kama miliampea 16 ikiwa imesimama, na hugeuka unapobadilisha chanya na hasi. Mota ya servo inataka volti 5 na ishara ya milisekunde 1 hadi 2 inayorudiwa kila milisekunde 20, kwa hiyo inahitaji dikoda yake maalumu. Muda wa pigo unawekwa kwenye CV3 hadi CV6, mlango kwa mlango, na kwa kawaida ya kiwango 0 maana yake ni mkondo usiokatika. Kama kuna koili kwenye mlango huo, hakikisha hakuna 0. Kipimo cha namba hizo hutofautiana kwa mtengenezaji, fuata karatasi yake.

Sasa jambo ambalo hukuuliza lakini ningekuomba ulifanye kabla hujafunga ubao. Usilishe dikoda za pointi kutoka waya zilezile za reli. Treni ikiingia kwenye pointi iliyogeuzwa vibaya, magurudumu yanagusisha reli mbili pale zinapokatana, shoti inatokea, umeme wa njia unazimwa. Dawa ni kuigeuza pointi ile, lakini dikoda yake nayo imezimika! Weka kikata-umeme tofauti, au busta (kikuza umeme wa DCC) ndogo ya pekee kwa dikoda za pointi, nazo zitaendelea kusikia amri huku reli ikiwa imekufa.

Kumbuka pia kwamba dikoda ya kawaida inapokea tu. Skrini itakuonyesha pointi imegeuka hata kama ulimi wa reli, kile kipande kinachosogea, umekwama kwenye kokoto. Kwenye reli halisi ishara ya kuruhusu treni ipite haitolewi kabla ulimi haujathibitishwa umekaa mahali pake, nami naona inafaa tuige hivyo: swichi ndogo kwenye ulimi, inayorudisha taarifa kwa kompyuta.

Mwisho ni stima. Ikipotea na kurudi, dikoda nyingine hukumbuka mkao wa mwisho, nyingine hufyatua koili zote upya. Angalia mpangilio huo na uchague zikae kimya. Na kwa kuwa umesema adapta yako imetoka Marekani, soma maandishi yaliyo chini yake. Kama ni ya volti 120 peke yake, usiichomeke kwenye soketi yetu ya 240. Tafuta inayopokea 100 hadi 240 na kutoa volti na aina ya umeme uleule, iwe AC au DC, na ampea zisizopungua za ile ya zamani.