Maswali ya Wasomaji: “Nani Alikopa?”

Barua tatu za mwezi huu zinagusana, kwa hiyo nimezijibu pamoja. Ya kwanza imenichukua nafasi kubwa, na wenye barua nyingine mnisamehe.

Bwana Yesu asifiwe, mama. Mimi ni katibu wa vijana kanisani kwetu. Tuliomba ruhusa ya kukusanya saini baada ya ibada, kuunga mkono kampeni ya kuzifutia madeni nchi maskini. Mzee mmoja wa kanisa akasimama, akasema kanisa si jukwaa la siasa, na Bwana mwenyewe alisema maskini tutakuwa nao siku zote. Kazi yetu ni kuhubiri Injili na kutoa sadaka. Vijana wamegawanyika, na wengine wanataka tuhame. Je, mzee amesema kweli? Na kama sivyo, tumjibuje bila kumvunjia heshima?
*Katibu wa vijana*

Amina, mwanangu. Kwanza, msihame.

Huo mstari nimeusikia ukitumika hivyo tangu nikiwa msichana, na hadi leo unaniuma. Bwana Yesu alipoyatamka maneno yale kule Bethania, mwanamke akiwa amemmiminia marhamu, alikuwa anarudia maneno ya Torati ambayo waliokaa naye mezani waliyajua tangu utotoni. Ni Kumbukumbu la Torati sura ya 15. Isomeni yote. Inaanza na amri ya kufuta madeni kila mwaka wa saba. Inaendelea kumwonya mwenye mali asije akamnyima ndugu yake mkopo kwa sababu tu mwaka wa saba unakaribia. Ndipo inaposema kwamba maskini hawatakoma katika nchi, na kwa sababu hiyo umfumbulie mkono wako. Mstari tunaofungia mlango umetoka ndani ya sura ya kufuta madeni! Mwombeni mzee wenu aisome yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya baraza. Akiisoma kwa kinywa chake itamgusa kuliko nyinyi vijana mkimsomea.

Akimaliza hapo, mwombeni aende Nehemia sura ya 5. Ukuta wa Yerusalemu unajengwa, maadui wanavizia nje, halafu kilio kinatoka ndani, kwa wajenzi na wake zao. Wengine wameweka rehani mashamba na nyumba wapate nafaka. Wengine wamekopa walipe kodi ya mfalme, na binti zao wamekwisha kutiwa utumwani. Nehemia anasema alikasirika sana, akatafakari moyoni, kisha akawakabili wakuu waliokuwa wakiwatoza ndugu zao riba, akaitisha mkutano mkubwa. Sura hiyo hiyo inasema alikuwa akiwalisha watu 150 mezani pake kila siku, kwa hiyo kutoa alikujua vizuri. Ila siku ile hakuishia kwenye kutoa. Aliwaambia warudishe mashamba, mizabibu na nyumba siku hiyo hiyo, pamoja na ile riba, akawaapisha mbele ya makuhani, kisha akalikung'uta vazi lake kifuani kuonyesha jinsi Mungu atakavyomkung'uta atakayevunja ahadi. Mimi nikifika hapo huwa nausikia mlio wa nguo.

Sasa upande wa mzee wenu, maana ana jambo. Huenda amewahi kuona mgombea akikaribishwa mimbarini na bahasha nene, na kanisa likabaki na aibu miaka mingi. Woga huo ni wa haki. Mwambieni wazi kwamba hamtapigia debe chama chochote wala mtu yeyote, na kwamba saini zenu zitamfikia aliyeko madarakani, awe wa chama chochote. Kisha mlishike neno lenu.

Liko na jambo la pili, na hili nililijua kwa kuumbuka. Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 29, nami nilizunguka na karatasi za saini za kampeni ya Jubilei 2000, iliyodai madeni ya nchi maskini yafutwe. Jina lake lilitoka Mambo ya Walawi sura ya 25, ule mwaka wa 50 ambapo baragumu hupigwa, ardhi inarudi kwa wenyewe na watumwa wanaachiwa. Siku moja baada ya ibada nikamfikia bibi mmoja ambaye hakujua kusoma. Nikamsomea maandishi. Akasema, nisomee tena. Nikasoma. Akaniuliza, “Nani alikopa?” Nikasema, serikali. “Alikopa afanyie nini?” Sikujua. “Na aliyemkopesha hakuuliza?” Nikabaki nimeshika kalamu. Akanirudishia karatasi kwa upole kabisa, akasema, nenda mwanangu, ukijua uje.

Nikaenda kutafuta, ikanichukua wiki tatu. Nikakuta kwamba miaka ya 1970 benki za nchi tajiri zilikuwa na fedha nyingi zilizotokana na kupanda kwa bei ya mafuta, zikakopesha ovyo, mara nyingi kwa riba isiyotulia, inayopanda na kushuka. Mwisho wa muongo huo Marekani ikapandisha riba zake, na deni likavimba bila mkopaji kuongeza hata senti. Nikakuta habari za Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) chini ya Rais Mobutu: mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, Erwin Blumenthal, aliyekuwa ametumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kusimamia benki kuu ya huko, aliandika ripoti mwaka 1982 akiwaonya wakopeshaji kwamba fedha zinaibwa na hawana matumaini ya kulipwa. Wakaendelea kukopesha. Hilo ndilo lilikuwa jibu la bibi: aliyekopesha hakuhitaji hata kuuliza, alikuwa ameshaambiwa.

Nikarudi. Nikamweleza yote, amekaa kwenye benchi la nyuma, mkono shavuni. Alipotosheka akachovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza polepole, akaliviringisha kidogo upande huu na upande huu ili alama itoke kamili, kisha akajifuta kwa pindo la nguo yake. Nimekusanya saini nyingi maishani. Hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Kwa hiyo kabla ya kutoa karatasi, kaeni mjifunze. Kila kijana atakayesimama mlangoni aweze kujibu yale maswali matatu.

Je, inasaidia kitu? Mwaka 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, ambako wakuu wa nchi tajiri walikuwa na mkutano. Siku yenyewe wakuu walikuwa wamepelekwa nje ya mji, na watu wakashikana hivyo hivyo. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida wa makanisa. Kampeni ilipofungwa saini zilikuwa zimepita milioni 20. Mwaka 1999 huko Cologne, Ujerumani, nchi hizo zikakubali kupanua mpango wa kupunguza madeni, na hadi sasa nchi 37, nyingi za Afrika, zimepita humo. Tanzania ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na nafuu ya madeni ilikuwa sehemu ya kilichowezesha hilo. Hata hivyo sitawaficha: nafuu ilikuja na masharti yaliyowaumiza wengine, na madeni yamerudi, safari hii mengi yakiwa kwa wanunuzi wa hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huuza sokoni, ambao hata sura zao hatuzijui. Zambia ilishindwa kulipa mwaka 2020, Ghana mwaka 2022. Papa Fransisko, alipotangaza Jubilei ya 2025, alirudia ombi lile lile la kufuta madeni. Hamuanzi nyinyi, mnaingia zamu.

Mama, nimechoka. Kwa miaka tisa nimeombea haki duniani, nimefunga, nimeandika barua kwa wakubwa, nimetembea kwenye maandamano ya amani. Vita vinaongezeka na maskini wanazidi. Naanza kujiuliza kama Mungu anasikia, au kama mimi najidanganya.
*Mama wa watoto wanne*

Dada yangu, kwanza pumzika. Malaika hakumkemea Eliya chini ya mretemu. Alimpa chakula, akamwacha alale, akampa tena. Kama unahitaji mwezi mzima bila kuandika barua yoyote, uchukue.

Kisha nikusimulie habari za Thomas Clarkson. Mwaka 1785, kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alishinda shindano la insha kuhusu utumwa. Alikuwa anataka zawadi tu. Akiwa njiani kwenda London akashindwa kuendelea, akashuka kwenye farasi, akaketi kando ya barabara, akajiambia kwamba kama aliyoandika ni kweli basi lazima mtu ayakomeshe. Mwaka 1787 walikaa watu 12, wengi wao Wakweka (Wakristo wa dhehebu la Marafiki), wakaunda kamati ya kukomesha biashara ya watumwa. Clarkson alizunguka bandarini akiwahoji mabaharia, na popote alipokwenda alibeba sanduku. Ndani mlikuwa na vitambaa na vitu vizuri vilivyotengenezwa na mikono ya Waafrika, na kando yake pingu na minyororo aliyoinunua dukani. Alikuwa analifungua mbele ya watu, anawaacha waguse. Olaudah Equiano naye, aliyewahi kuuzwa utumwani na sasa ni Mkristo huru, alizunguka nchi nzima akieleza kwa kinywa chake.

Mwaka 1791 bunge la Uingereza likawakatalia, kura 163 dhidi ya 88. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807, na utumwa wenyewe katika makoloni mengi ya Uingereza kwa sheria ya 1833. Na hata hiyo ya 1833 haikuletwa na mabwana wa London peke yao. Sikukuu ya Krismasi mwaka 1831, Sam Sharpe, shemasi wa Kibaptisti aliyekuwa mtumwa Jamaica, aliwaongoza wenzake kugoma kufanya kazi bila ujira. Ikawa vurugu kubwa, akanyongwa Mei 1832. Sheria ikapitishwa mwaka uliofuata. Sharpe hakuiona.

Sikuandikii haya ili nikuongezee mzigo. Miaka tisa ni mingi kwa mtu mmoja, na kwa kazi ya namna hii bado ni asubuhi. Usiibebe peke yako. Tafuta wawili au watatu mgawane, mmoja akichoka mwingine anaandika. Swali lako kama Mungu anasikia, mwulize yeye moja kwa moja, kwa hasira kama hasira ndiyo uliyo nayo. Zaburi zimejaa sala za namna hiyo na hakuna aliyeziondoa.

Mama, nisaidie. Kiongozi wa kikundi chetu cha haki na amani anazungumza vizuri mno habari za wanyonge wa dunia, hadi watu wanalia. Lakini mfanyakazi wake wa ndani hajalipwa miezi mitatu. Mfanyakazi huyo ameniambia mwenyewe. Nikilisema nitavunja kikundi. Nikinyamaza silali.
*Mjumbe wa kikundi*

Asante kwa kutolala. Barua ya Yakobo sura ya 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele wenyewe, na kilio cha wavunaji kimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kwa hiyo siri unayoilinda si siri tena mahali panapohusika.

Kanisa lina kovu la namna hii. Shirika moja la umisionari la Kanisa la Anglikana lilirithi mashamba ya miwa huko Barbados katika karne ya 18. Watumwa wa mashamba hayo walichomwa chuma cha moto kifuani, chapa ikisomeka “Society”, yaani “Shirika”. Injili ikihubiriwa, chapa ikipigwa. Mwaka 2006 sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi. Karne mbili na zaidi zilipita, na naamini katika miaka yote ile walikuwapo waliojua wakasema, tukilisema tutavunja umoja.

Anza na dada mwenyewe. Muulize anataka nini, na kama anaogopa kufukuzwa. Asije akalipia yeye ujasiri wako. Akikubali, nenda kwa kiongozi wako faraghani, kama Mathayo 18 inavyoagiza, bila maneno ya kuzunguka: miezi mitatu, kiasi kadhaa, lini utalipa? Inawezekana amebanwa na anaona aibu. Kama ni hivyo, kikundi kimchangie, lakini mshahara ulipwe kwanza na mchango ufuate. Akikukatalia, rudi na mtu wa pili ambaye wote mnamheshimu. Akikataa tena, likae mbele ya kikundi.

Na mkutano wenu ujao, hata kama mmeshatangaza mada, uahirisheni mpaka dada awe amelipwa. Kisha niandikie tena unieleze ilikuwaje. Nitakuwa nakuombea wewe, na yeye, na yule kiongozi wenu.