Kununua au kupanga kwenye jiji ghali: hesabu iliyotuamulia

"Ukipanga unamjengea mwenye nyumba." Nimeambiwa hivyo na wazazi, na wenzangu kazini, na kila dalali niliyekutana naye. Mimi na mwenzangu tunakopesheka, na bado tumeamua kuendelea kupanga. Kama unaishi kwenye jiji ambalo bei za nyumba zimeiacha mishahara mbali, pitia hesabu hii kabla hujatia saini popote.

Wengi huweka kodi ya mwezi upande mmoja na rejesho la mkopo upande wa pili, wakaona zinakaribiana, wakanunua. Lakini rejesho si akiba yote. Chukua mkopo wa 100,000, kwa fedha yoyote ile, riba ya 6% kwa mwaka, muda wa miaka 30. Utalipa kama 600 kila mwezi. Mwezi wa kwanza, 500 ni riba. 100 tu ndiyo inayopunguza deni. Baada ya miaka 5 umeshalipa karibu 36,000, na deni limeshuka kwa takriban 7,000. Hizo 29,000 nyingine hazirudi, sawasawa na kodi.

Basi linganisha kisichorudi kwa kisichorudi. Mnunuzi anapoteza riba, bima, kodi ya majengo, ada ya huduma kama ni ghorofa, na matengenezo, ambayo ni busara kuyatengea 1% ya thamani ya nyumba kila mwaka. Pia malipo ya awali yangeweza kuzaa kwingine. Mpangaji anapoteza kodi na gharama za kuhama. Ni kweli nyumba inaweza kupanda thamani, ila hakuna anayeweza kukuahidi hilo, hata dalali.

Kuna njia ya mkato: gawa bei ya nyumba kwa kodi ya mwaka mzima ya nyumba ya aina hiyo hiyo. Ikija chini ya 15, mara nyingi kununua kunalipa. Ikizidi 20, kupanga huwa nafuu. Sisi tulipata zaidi ya 30, yaani kodi haikufika hata 4% ya bei, wakati benki ilitaka riba kubwa kuliko hiyo. Hapo hatukubishana tena.

Kama huna uhakika wa kukaa miaka 5 au zaidi, usinunue. Ushuru, wakili, uthamini na dalali humeza fedha nyingi wakati wa kununua, na nyingine tena wakati wa kuuza.

Sisemi kupanga ni raha. Mwenye nyumba anaweza kuuza, na mtoto akahamishwa shule katikati ya mwaka. Hilo linaniumiza kuliko suala la fedha, ndiyo maana tuliomba mkataba mrefu wenye kikomo cha ongezeko la kodi.

Na hesabu yote hii inavunjika usipoweka akiba ile tofauti kati ya kodi unayolipa na gharama ambazo ungelipa kama ungenunua. Yetu inahamishwa na benki siku mshahara unapoingia, kabla hatujaigusa. Ukijijua kwamba fedha haikai mkononi, na utaishi hapo muda mrefu, nunua. Rejesho litakulazimisha kuweka akiba.

Mkataba ukiisha tunagawa upya bei kwa kodi. Nawe dalali akikupeleka kuona nyumba, muulize kwanza inapangishwa kwa kiasi gani.