MX-5 yangu haivuti mlimani: niweke V8 au turbo?

SWALI: Fundi, salaam. Nina Mazda MX-5, kigari cha michezo cha viti viwili, ya toleo la kwanza, ya mwaka 1990, yenye injini ya lita 1.6. Kwenye kona sina lalamiko hata moja, lakini kwenye mlima mrefu inaniaibisha. Magari ya kubebea watoto yananipita huku wenyewe wakipiga soga. Rafiki mmoja ananishawishi niweke V8 ya aluminiamu, yaani injini ya silinda nane, mwingine anasema turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, inatosha. Injini haijawahi kufunguliwa. Nifanye lipi?

JIBU: Ndugu yangu, V8 hapana. Turbo labda, ila si leo. Nitafika huko, lakini naanza na jambo ambalo hukuuliza.

Injini hiyo ina zaidi ya miaka 30. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi kama 115 kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, na toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 136 kwenye mizunguko 5,500. Hiyo 5,500 isome mara mbili. Ukiwa mlimani kwa spidi ya 75 na umeng'ang'ania gia ya nne, mshale uko kwenye 3,000 hivi. Hapo injini haijaamka. Kwa spidi ile ile ukishusha hadi gia ya pili, mshale unaruka hadi karibu 5,700, na ndipo mvuto wote ulipo. Wengi wanaokuja na lalamiko kama lako wametoka kwenye magari ya dizeli, na injini ikianza kulia wanaona huruma wanaachia mafuta. Hii usiionee huruma. Ikiwa na oili safi na maji ya kutosha, ilitengenezwa ilie.

Kama unashusha gia vizuri na bado haivuti, tafuta nguvu iliyopotea kabla ya kununua mpya. Zima injini, toa bomba la hewa linaloingia kwenye throtoli, yaani mlango wa hewa ya injini, mwambie mtu akanyage pedeli ya mafuta mpaka mwisho, nawe chungulia ndani. Kile kisahani cha throtoli kinatakiwa kilale kabisa, ukione kama kisu kinachotazamwa upande wa makali. Niliwahi kuletewa gari ambalo kisahani kilikuwa kinaishia robo tatu, kwa sababu mwenye gari aliweka zulia nene chini ya pedeli. Alikuwa ameshatoa malipo ya awali ya injini nyingine. Tulitoa zulia, tukakaza kebo, akaenda zake.

Kitu cha pili ni kalipa za nyuma, yaani vyuma vinavyobana diski za breki. Kwenye MX-5 hizi breki ya mkono inafanya kazi kupitia kalipa hizo hizo, na zikizeeka hugoma kurudi. Endesha dakika 20 bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu, ila usiguse. Moja ikikupulizia joto kuliko wenzake, umekuwa ukipanda mlima na breki imeshikwa. Kisha pima kompresheni ya silinda zote nne, yaani jinsi kila moja inavyoshindilia hewa. Na kama mlima wako ni mrefu kweli, kumbuka kwamba injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 2,000 zile farasi 115 zimebaki kama 93, hata injini ikiwa mpya. Hao wanaokupita, wengi wana turbo, na turbo haisumbuliwi sana na hewa nyepesi.

Sasa tuje kwenye V8.

Tuiangalie namba kwa namba, maana hapa ndipo watu hudanganyana. Uwiano wa gia ya kwanza ya gari lako ni 3.136, na wa difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ni 4.3. Zidisha kwa Nm 136, gawanya kwa nusu kipenyo cha tairi, toa kinachopotea njiani kwenye giaboksi na difu, unabaki na msukumo wa nyutoni kama 5,600 pale tairi inapogusa lami. Gari na dereva ni kama kilo 1,030. Tairi za nyuma zinabeba nusu, na zinaongezewa kidogo gari linapoondoka kwa kasi. Uzito huo, hata kwenye lami kavu, unaruhusu nyutoni 6,000 hivi kabla tairi hazijaanza kuteleza. Kwa hiyo kwenye gia ya kwanza uko karibu na ukingo tayari, na mvua ikinyesha umeshauvuka. Ukiongeza toki mara mbili tu, gia ya pili nayo itatoa nyutoni kama 6,700. V8 nyingi zinatoa zaidi ya mara tatu ya toki yako. Ndiyo maana wanaoweka V8 hulazimika kubadilisha giaboksi, difu, ekseli na propela, kisha tairi pana, kisha rimu za kubeba tairi hizo. Breki nazo hazikwepeki, kwa kuwa gari linalokwenda 140 lina karibu mara mbili ya nishati ya gari lile lile likienda 100, na ni diski zinazotakiwa kuimeza yote. Ukimaliza, ulichobaki nacho cha Mazda ni milango na taa zinazoinuka.

Halafu kuna pua. Gari lako limegawanya uzito karibu nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na hiyo ndiyo siri ya zile kona usizozilalamikia. Waingereza waliwahi kulipia somo hili. Mwaka 1967 MG, kampuni ya magari ya michezo, walichukua MGB, gari lao jepesi lililopendwa, wakaliwekea injini ya lita 3 yenye silinda sita. Likaitwa MGC. Nguvu ilipanda hadi farasi 145, lakini injini ile ya chuma ilikuwa nzito kuliko ya zamani kwa zaidi ya kilo 90, zote mbele. Usukani ukawa mzito na pua ikagoma kuingia kwenye kona. Walioliendesha walilisema vibaya, na 1969 likaachwa. Mwaka 1973 MG wakarudi na MGB GT V8, injini ya Rover ya lita 3.5 ya aluminiamu, iliyokaribiana uzito na ile ndogo ya silinda nne. Farasi zilikuwa 137, pungufu ya MGC. Lakini gari lilienda na kona likazishika. Kwa hiyo rafiki yako kutaja aluminiamu hakukosea, hapo nampa haki yake. Kosa lake ni kudhani injini ndiyo gharama.

Kuna na Cobra, ambayo kila mpenzi wa V8 huitaja. Ndiyo, Carroll Shelby alichukua AC Ace ya Uingereza akaweka V8 ya Ford mwaka 1962, na likawa gari la ajabu. Kinachosahaulika ni kwamba walipotaka kufika kwenye injini ya lita 7, chesisi ile haikufaa tena. Ikabidi itengenezwe nyingine ya mabomba manene, na springi za majani zikatupwa. Walikuwa na kiwanda. Wewe una gereji na mwisho wa wiki.

Turbo ni mazungumzo mengine, na hapo moyo wangu ni laini kidogo. Kompresheni ya 1.6 ni 9.4 kwa 1, ya kistaarabu, tofauti na injini za siku hizi zenye 13 kwa 1 ambazo ukizipa turbo bila kuzijenga upya zinajipasua. Shinikizo dogo la baa 0.4 linaongeza mvuto pale pale unapoutaka, chini kwenye mizunguko 3,000, na linafidia hewa ya mlimani. Lakini usinunue turbo peke yake. Inataka nozo kubwa zaidi za kunyunyizia mafuta, rejeta yenye afya, kipoza hewa, na kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya, kwa sababu ile ya 1990 inapima hewa kwa kijimlango kinachosukumwa na upepo, na kijimlango hicho kikishafunguka chote hakina la kukuambia tena. Mafuta yakipungua wakati turbo inasukuma, utasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Ukiusikia umechelewa, pistoni imeshaanza kuliwa. Na difu ya 1.6 ni ndogo. Nimezifungua nikakuta meno kwenye sinia ya oili kama njugu.

Kuhusu difu, tazama Mazda wenyewe walivyofanya. Mwaka 1993 walipoleta injini ya 1.8 kwenye gari hili hili, nguvu zilipanda hadi farasi 130 tu. Hata hivyo waliweka difu kubwa zaidi, breki kubwa zaidi, na vyuma vya kukaza bodi. Yote hayo kwa farasi 15! Wahandisi wa kiwanda hawatumii senti moja bila kulazimika.

Hiyo 1.8 ndiyo ningekuelekeza, ikiwa utapima kila kitu na bado una njaa. Ni ya ukoo mmoja na yako, inakaa mahali pale pale, giaboksi yako inaipokea, na pua haizidiwi. Chukua na klachi yake, flaiwili, difu na breki kutoka kwenye gari moja lililovunjwa, usiokoteze kipande kipande. Toki inafika Nm 150 na ushei kwenye mizunguko 5,000. Kwenye karatasi si ongezeko la kujivunia, ila mlimani utaijua tofauti, kwa sababu gari lako ni jepesi.

Na wepesi wenyewe unaweza kuuongeza. Ukitoa kilo 60 kwenye gari la kilo 950 (tairi ya akiba, spika za nyuma, rimu nzito ulizoona zinapendeza), ni sawa na kuongezewa farasi 7 au 8, na breki na tairi nazo zinapumzika. Rimu nyepesi ndizo ningeanza nazo.

Jambo la mwisho, na hili ni la gari lako hasa kwa sababu ya mwaka wake. Injini za 1.6 za mwanzo, hadi 1991, zilikuwa na kranki, yaani shafti kuu ya injini, yenye pua fupi, ile ncha ya mbele inayobeba puli. Boliti ya puli ya mbele ikilegea, puli huanza kucheza na kula mfereji wa kabari, taimingi inahama, na nguvu inapungua polepole mpaka unazoea. Hilo peke yake linaweza kuwa ndilo tatizo lako. Chukua tochi, tazama puli ya kranki kwa mbele, uhesabu nafasi zilizokatwa. Nne ni pua fupi, nane ni pua ndefu. Washa injini uone kama puli inayumba. Kisha niandikie idadi hiyo pamoja na kompresheni ya kila silinda, na usitoe malipo ya awali ya kitu chochote mpaka hapo.