Maswali ya Kiingereza: "My father he work" ina kosa gani?

Swali: Niliandika "My father he work in Tanga" na "One of my brothers live in Mombasa", zote zikapigwa mstari mwekundu. Kwani brothers si wengi? Halafu bado nachanganya his na her.
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Korogwe

Jibu: Kinachokuponza ni a- ya "Baba yangu anafanya kazi Tanga". Kwa Kiswahili huwezi kuiacha hata baba akiwa ametajwa, basi nawe ukaibeba na kuifanya he. Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi hicho. Chagua kiima kimoja: "My father works" au "He works".

Sasa ile s. Kwenye nomino huonyesha wingi. Kwenye kitenzi cha wakati uliopo huonyesha umoja, tena nafsi ya tatu peke yake. Kwa hiyo mara nyingi s huwa moja tu, inahama: "The boy works", "The boys work". Usiitegemee kupita kiasi, maana people na police hazina s nazo ni wingi ("The police are here"), ilhali news inayo na ni umoja ("The news is bad"). Na aliyekwisha kuijua s huangukia shimo la pili, "Does he works?" Does imeshaibeba, kwa hiyo work hubaki tupu. Baada ya can na must pia haiji.

Kuhusu kaka zako, funika kwa kidole of my brothers. Imebaki One, basi ni lives. Hata kwa Kiswahili ungesema "Mmoja wa kaka zangu anaishi", si "wanaishi". Each of nayo ni hivyo hivyo. Ila kwa most of, some of na a lot of ondoa kidole, kwani hapo kitenzi hufuata nomino iliyo baada ya of: "Most of the water is dirty", "Most of the boys are here".

His na her hutazama mwenye kitu, si kitu chenyewe. Ali na dada yake ni "Ali and his sister", ingawa dada ni mwanamke; Asha na kaka yake ni "Asha and her brother". Kwa everyone, ambayo haitaji jinsia, tumia their, lakini kitenzi kibaki cha umoja: "Everyone has brought their book".