Dokta, hii UTI yangu haiponi, au ni sukari?

SWALI: Dokta shikamoo. Nina miaka 44, watoto watatu wote nimezaa kawaida, kazini Mtumba nakaa Nkuhungu, hapa Dodoma. Toka mwaka jana nimetibiwa UTI mara nne, mara cipro mara sindano za seftriaksoni siku tano, nikimaliza dozi inapita wiki moja hali ile ile. Mchana chooni kila baada ya saa, usiku naamka mara tatu mpaka nne, nikicheka au kupiga chafya mkojo unatoka kidogo. Juzi naenda msibani Singida nimeomba basi lisimame kuchimba dawa mara tatu, konda akaniuliza mbele za watu mama vipi, nilitamani kushuka. Nina kilo 92, urefu sentimita 160. Nina presha, nameza HCT na amlodipini zote usiku kabla ya kulala. Sukari nilipima asubuhi sijala ikaja 6.7 wakaniambia siyo kisukari. Shoga yangu anasema ni unene na sukari ndo vinaniharibia kibofu. Kuna ukweli? Na kuna unga wa kusafisha kibofu naona unauzwa Insta, nitumie?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa msiba na pole kwa huyo konda.

Shoga yako kapatia, ila siyo kwa njia moja, wewe hapo naona vitu kama vinne vimekukalia kwa pamoja na UTI sidhani kama ni kimojawapo. Hebu nikuulize, hizo mara nne walikuotesha mkojo, yaani kuuweka maabara waone kama kuna mdudu anayeota, hata mara moja? Maana siku hizi mwanamke akisema tu nakojoa sana ashaandikiwa cipro, kipimo chenyewe mkojo umekinga wa mwanzo bila kujisafisha, uchafu wa ukeni umeingia humo humo, fundi maabara anaona chembe za usaha mbili tatu basi, UTI. UTI ya kibofu kwa kawaida inakuja na kuungua wakati wa kukojoa, maumivu chini ya kitovu, na inakuja kwa siku chache, haikai mwaka mzima inakuamsha usiku bila kuungua. Kwa hiyo kabla ya dozi ya tano kinga mkojo wa katikati, uoteshwe, wakikosa mdudu hiyo stori ya UTI tuifunge.

Sasa sukari. Figo huwa zinachuja sukari afu zinairudisha yote kwenye damu, ndo maana mkojo wa mtu mzima kiafya hauna sukari. Sukari ya damu ikipanda mpaka kwenye 10 hivi figo zinazidiwa, inayobaki inamwagika kwenye mkojo, na sukari popote inapoenda inavuta maji, ndo pale mtu anakojoa madumu na kiu haiishi. Wewe 6.7 asubuhi haifiki huko, kwa hiyo usiku wako huo siwezi kuulaumu kwa hiyo namba. Lakini waliokwambia siyo kisukari wamekwambia nusu. Kisukari kinaanzia 7.0 ukiwa hujala, kuanzia 6.1 mpaka 6.9 ni katikati, yaani mwili umeanza kushindwa na insulini yake, na mtu wa namna hiyo asubuhi anaweza kuwa na 6.7 afu saa moja baada ya ugali wa kushiba na soda akawa anagonga 10 na zaidi. Kapime sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c, ikiwa asilimia 6.5 kwenda juu ongea na daktari wako, au kile cha kunywa glukosi gramu 75 unapimwa baada ya saa mbili.

Kwa nini nakazania? Kwa sababu sukari ikikaa juu miaka inakula mishipa ya fahamu, na kibofu nacho kina mishipa yake. Mwanzoni kinakuwa na papara, kikijaa kidogo tu kinataka kutoka, baadaye kinalala, hakisikii tena kama kimejaa. Kuna mama mmoja wa huku Kongwa alikuja analalamika mkojo unamvuja vuja, yeye anasema nikienda chooni namaliza vizuri tu, tukamwambia akojoe afu tukamweka ultrasaundi, kibofu kilikuwa bado na mililita zaidi ya 400. Katoka chooni dakika tano tu! Uliokuwa unavuja ni ule wa kufurika, kama ndoo chini ya bomba. Mkojo unaobaki humo ukiwa na sukari wadudu wanajenga kabisa, hapo ndo UTI za kweli za kujirudia zinakuja.

Tuje kwenye uzito. Kilo 92 kwa urefu wako BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni kama 36. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, zungusha kiunoni, kwa mwanamke ikizidi sentimita 80 tunaanza kuhesabu, na ukiongeza presha na sukari uliyonayo tayari una vitatu, ndo ile hali tunaiita sindromu ya metaboli. Mafuta ya tumboni yanakandamiza kibofu na nyama za chini zinazoshikilia njia ya mkojo, nyama zenyewe zishavutika na uzazi wa watoto watatu, kwa hiyo ukicheka presha ya tumbo inapanda ghafla, mlango hauna nguvu, unatoka. Huo wa kucheka na chafya ndo wa uzito na uzazi. Ule wa kukimbilia chooni ni kibofu chenye papara, na wewe unavyo vyote viwili.

Habari njema ni kwamba huu uvujaji unarudi nyuma. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2009, wanawake 338 wanene wenye kuvuja mkojo, waliopewa programu ya chakula na mazoezi miezi sita walipungua kama asilimia 8 ya uzito na kuvuja kukapungua karibu nusu, asilimia 47, kwa wenzao waliopewa elimu tu kuvuja kukapungua asilimia 28. Asilimia 8 kwako ni kilo saba na kidogo. Sijakwambia uwe mwembamba kama binti wa chuo, nimesema kilo saba. Na msinidanganye na ugali wa uwele, uwele mzuri kweli lakini nao ni wanga, ukijaza sahani ya kupakulia familia ni yale yale, punguza donge liwe kama ngumi yako, mlenda na maharage ndo vijaze sahani, soda ya saa nne ofisini iache na chai ya maziwa isiwe na vijiko vitatu.

Halafu dawa zako. HCT ni dawa ya kukojoza, wewe unaimeza wakati wa kulala, sasa kibofu kilale saa ngapi? Usiiache, wala usipunguze, mwambie tu aliyekuandikia uhamishie asubuhi. Amlodipini nayo inavimbisha miguu, jioni ukivua viatu angalia kama soksi imeacha mtaro, kama ndiyo basi yale maji ukilala yanapanda kwenye damu na figo zinayatoa usiku, inua miguu juu ya kiti ule muda wa jioni kabla ya kulala utaona tofauti. Muulize na baba watoto kama unakoroma na kukata pumzi, hiyo nayo inafanya mwili utengeneze mkojo mwingi usiku na watu wengi hawaijui.

Kabla ya yote lakini nenda Sabasaba nunua jagi la plastiki lenye mistari ya mililita, na daftari. Siku tatu, kila ukikojoa pima, andika saa na kiasi, andika na ulichokunywa. Ukijumlisha saa 24 ikizidi lita tatu, mwili unatengeneza mkojo mwingi, tuangalie sukari na dawa. Ikiwa unaenda mara kumi na nne na kila safari ni mililita 150, jumla yako ya kawaida tu, shida ni kibofu, maana cha mtu mzima kinabeba 300 mpaka 500. Na ikiwa mkojo wa usiku peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya wote, basi tunarudi kwenye miguu, HCT na kukoroma. Daktari ukimpa hilo daftari atakupenda.

Mazoezi: bana kule chini kama unayezuia mkojo na ushuzi kwa pamoja, tumbo na makalio yasikaze, shikilia hesabu mpaka nane, achia, mara nane, asubuhi mchana na jioni, kwa miezi mitatu bila kuacha, hata kwenye daladala hakuna anayejua. Mkojo ukikubana usikimbie, kaa, bana mara tano za haraka, subiri dakika tano, wiki ijayo kumi. Maji usiyakate, najua wengi mnaacha kunywa mkisafiri, kwa ukavu huu wa Dodoma mkojo unakuwa mzito kama chai na ndo unakichokoza kibofu zaidi, punguza tu baada ya saa kumi na mbili jioni. Dawa za kutuliza kibofu zipo, ila lazima kwanza ultrasaundi ionyeshe hakibakizi mkojo.

Ukiona damu kwenye mkojo, homa na maumivu ya ubavu, ganzi miguuni, au mkojo kugoma kutoka, usisubiri daftari, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Huo unga wa Insta hapana. Hiyo hela ndo inatosha jagi, daftari na kipimo cha HbA1c, chenji ikibaki panda gari ya Singida kaa siti ya karibu na mlango.